Mzee wa Kanisa, Mzigo wa Mchungaji ni Wako Pia: Mwongozo kwa Makanisa Madogo ya Nsambya

Mchungaji wa kanisa dogo Nsambya huitwa kutoka kila upande wa mlima. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ipo hapo hapo, na wagonjwa huletwa kutoka mitaa mingi ya Kampala na hata mbali zaidi. Jamaa wakikosa mtu wa kuwaombea, simu inalia kwake. Kambi ya polisi ina familia ambazo baba hupangiwa kituo kipya mama na watoto wakabaki. Nyumba za kupanga zina wageni wengi kutoka Kongo ambao hawajajua Kiganda, na Kiswahili ndiyo lugha wanayoweza kulilia ndani yake. Jumapili mtu huyo huyo anahubiri, anatafuta fundi wa vipaza sauti, anasuluhisha ugomvi wa kwaya, kisha anarudi nyumbani na kumkuta mwenye nyumba mlangoni akidai kodi.

Mwongozo huu ni wako wewe mzee wa kanisa, shemasi, katibu, mtunza hazina, kiongozi wa akina mama au wa vijana. Nashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: kanisa linalosema linampenda mchungaji wake, lakini halijaandika atalipwa kiasi gani, tarehe ipi, na nani atamsaidia kazi gani, limemwacha peke yake.

Kwa nini wazee, na si mchungaji pekee

Buganda ina ushahidi wake. Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa Mapadri Weupe, waliondoka wakavuka ziwa kwenda kusini. Hawakurudi hadi Julai 1885. Muda wote huo hapakuwa na padri. Kundi lilishikwa na walei: Yosefu Mukasa Balikuddembe katika jumba la Kabaka, Andrea Kaggwa, na Matia Mulumba upande wa Mityana. Walifundisha na kukusanya watu kwa sala, na mapadri waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Watatu hao waliuawa kati ya Novemba 1885 na Mei 1886, na leo wanahesabiwa miongoni mwa Mashahidi wa Uganda. Kanisa lilisimama kwa sababu kazi ilikuwa mikononi mwa wengi kabla ya siku mbaya kufika.

Nsambya yenyewe ilijengwa hivyo. Askofu Henry Hanlon na mapadri wa Mill Hill walifika Buganda mwaka 1895 wakafanya makao yao katika mlima huu. Mwaka 1903 wakaja watawa wa Kifransisko, Mama Kevin akiwa miongoni mwao, na matibabu waliyoanza kutoa chini ya mwembe ndiyo yaliyozaa hospitali tunayoiona. Kuhubiri kulikuwa na watu wake, na kutibu kukapata wake.

Walokole na Waanglikana watakumbuka Kutoka sura ya 18, Yethro anapomwona mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni na kumwambia waziwazi kwamba atachoka yeye na watu pia. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaonyesha mitume wakikabidhi ugawaji wa chakula kwa watu saba waliochaguliwa na kutajwa kwa majina. Tazama jambo hilo la majina, kwa sababu ndipo makanisa mengi yanapoteleza. Tukisema "kanisa litasaidia", hakuna anayesaidia.

Sababu nyingine ni ya juzi tu. Machi 2020 serikali ilifunga nyumba za ibada kwa ajili ya korona. Zilifunguliwa Septemba kwa kikomo cha watu 70, na Juni 2021 zikafungwa tena. Mchungaji aliyekuwa akiishi kwa kapu la Jumapili alibaki bila kapu. Wale ambao kanisa lao lilikuwa limepanga posho ya mwezi na kuweka akiba kidogo walikula. Wengine waliuza vitu vya nyumbani.

Hatua ya kwanza: hesabuni wiki ya mchungaji

Usianze na kikao cha kulaumiana. Anza na karatasi.

1. Mwombe mchungaji aandike kila kazi aliyoifanya kwa wiki mbili mfululizo, pamoja na saa alizotumia na nauli aliyotoa mfukoni. Mweleze kwamba lengo ni kumpunguzia mzigo, asidhani anachunguzwa.
2. Kaeni wazee watatu au wanne pamoja naye. Kila kazi iwekwe katika moja ya mafungu matatu: anayoweza kuifanya yeye tu, anayoweza kuifanya mzee au shemasi, na ile isiyopaswa kufanywa na kanisa kabisa.
3. Kwa kila kazi ya fungu la pili andikeni jina la mtu mmoja na la msaidizi wake. Kamati isipewe kazi isiyo na mwenyewe.
4. Tangazeni majina hayo Jumapili tatu mfululizo, na mchungaji mwenyewe aseme mbele ya watu: kwa jambo hili mpigieni fulani.
5. Baada ya miezi mitatu rudieni karatasi ile ile.

Katika fungu la kwanza, kazi zake mwenyewe, mtakuta maandalizi ya mahubiri, mafundisho ya ubatizo na ndoa, mashauri mazito ya siri, na maombi yake binafsi. Hizi ndizo zinazoliwa na nyingine zote. Kuandaa mahubiri mazuri kunataka saa nyingi za utulivu, na mchungaji anayeandaa saa nne za usiku wa Jumamosi atawalisha makombo.

Fungu la tatu huwashangaza wazee. Humo mtakuta kusindikiza watu ofisini kutafuta vibali, kudai madeni ya washirika, kuwa dhamana ya mikopo, kutafutia vijana kazi. Katika makanisa ya Kiswahili ya Kampala kuna moja zaidi: barua. Mkimbizi aliyefika jana anataka barua ya kumtambulisha, mwingine anataka barua ya kuthibitisha mateso aliyoyapata Kivu. Wekeni kanuni leo. Kanisa linathibitisha lile tu ambalo linalijua lenyewe, yaani kwamba mtu huyu anasali hapa tangu mwezi fulani. Barua haiuzwi, nakala inabaki katika faili, na katibu anasaini pamoja na mchungaji. Anayehitaji huduma za wakimbizi aelekezwe kwa Ofisi ya Waziri Mkuu na kwa UNHCR, na aambiwe wazi kwamba huduma hizo hazilipiwi. Mtu yeyote anayekusanya pesa kanisani akiahidi safari ya kwenda Kanada au Marekani ni tapeli, hata akiwa mwimbaji mzuri.

Zamu ya hospitali

Nimeipa sehemu yake kwa sababu Nsambya inaidai kuliko mitaa mingi, na kwa sababu ndiyo kazi ambayo wazee wanaweza kuibeba karibu yote.

Tafuteni watu sita wenye subira, wanaume kwa wanawake. Wawe wawili wawili, kila jozi na wiki yake. Simu ya wagonjwa iwe ya kanisa, na ibebwe na jozi ya zamu. Mchungaji ajulishwe kila mgonjwa, ila aende mwenyewe kwa walio mahututi, waliofiwa, na walioomba aje.

Wanaokwenda wodini wafuate haya:

1. Waheshimu saa za kuona wagonjwa, na wamwombe muuguzi ruhusa kabla ya kukaribia kitanda.
2. Wamsalimie mgonjwa, wamuulize kama anataka kuombewa. Wapo wasiotaka siku hiyo, na wapo wa dini nyingine walio kitanda jirani.
3. Maombi yawe mafupi na ya sauti ya chini. Dakika kumi na tano zinatosha kwa ziara nzima.
4. Wamwangalie anayemuuguza. Hapa kwetu jamaa ndiye anayemlisha mgonjwa, anayefua na kukesha chini ya kitanda. Uji wa chupa, sabuni, nauli ya bodaboda, au kumshikia zamu kwa saa tatu akaoge na kulala ni msaada mkubwa kuliko aya kumi.
5. Wakitoka, waandike katika daftari: nani, wodi gani, anahitaji nini. Ugonjwa wenyewe usiandikwe, wala usitajwe katika kundi la WhatsApp la kanisa.

TAHADHARI: Asiwepo hata mmoja wa zamu anayemwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa. Anayesema hivyo aondolewe katika zamu siku hiyo hiyo. Pia msiahidi kulipa bili mkiwa kitandani. Semeni mtalipeleka kwa wazee, mlipeleke kweli, na jibu lirudi kwa familia ndani ya siku mbili hata kama jibu ni kwamba hakuna pesa.

Hatua ya pili: tenganisheni mfuko wa kanisa na mfuko wa mchungaji

Hapa ndipo makanisa huvunjika. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Sadaka iliingia simu ya mchungaji, akalipa kodi ya ukumbi, akanunua mafuta ya jenereta, akamsaidia mjane, akalipa pia karo ya mwanawe, na baada ya miezi sita hawezi kueleza kipi kilikuwa cha nani. Mtu mwaminifu anaonekana mwizi kwa sababu wazee hawakumpa mfumo. Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Pili sura ya 8, alipopeleka mchango wa maskini alitaka wenzake waende nao, ili mambo yawe safi mbele za Mungu na mbele za watu pia. Kama Paulo alihitaji mashahidi, sisi tunawahitaji zaidi.

Utaratibu wa Jumapili uwe huu:

1. Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa familia moja, mara tu baada ya ibada, mahali palipo wazi. Mchungaji na mkewe wasihesabu.
2. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na wote watatu watie saini. Zaka, sadaka ya kawaida, shukrani na michango ya jengo viandikwe kila kimoja peke yake.
3. Pesa zipelekwe benki Jumatatu. Msitoe matumizi katika kapu kabla ya kuandika, hata kama mpiga kinanda anasubiri nauli mlangoni.
4. Namba ya pesa za simu iwe ya kanisa. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mchungaji, au la mtu yeyote binafsi, hiyo ni hatari: akifa au mkigombana, pesa zinabaki kwake kisheria. Ombeni MTN au Airtel wawafungulie akaunti ya malipo kwa jina la taasisi. Mtaulizwa hati za usajili, na hiyo ni sababu nyingine ya kusajili.
5. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na wawili watoshe kutoa pesa. Mume na mke wasiwe wote wawili katika orodha hiyo.
6. Kila mwezi mtunza hazina asome mbele ya washirika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Dakika tano. Karatasi ibandikwe ukutani.

Mtu atasema utaratibu huu ni wa makanisa makubwa. Kinyume chake, kanisa kubwa linaweza kustahimili shilingi milioni moja isiyoeleweka. Kanisa la watu themanini haliwezi.

Hatua ya tatu: mpeni mchungaji posho inayojulikana

Timotheo wa Kwanza sura ya 5 na Wagalatia sura ya 6 zinaliweka wazi suala la kumtunza anayefundisha neno, nami sitalijadili. La kujadili ni namna.

Anzeni na kile anachohitaji kuishi, halafu mtazame kile mlichonacho, halafu mkubaliane. Mkigeuza mpangilio huo mtampa kilichobaki baada ya viti na sare za kwaya. Pigeni hesabu ya kodi ya nyumba, chakula, nauli, umeme na maji, matibabu, na karo. Karo iwe na mstari wake, maana shule za Uganda zina mihula mitatu, na Februari, Mei na Septemba ndiyo miezi ambayo mchungaji huona aibu kuwatazama wazee usoni.

Kama kanisa haliwezi kulipa yote, mwambieni ukweli na mkubaliane afanye kazi nyingine siku kadhaa za wiki. Paulo alishona mahema. Lakini basi msimwite kikao Jumanne mchana akiwa kazini.

Mkishakubaliana, mwandikieni barua yenye haya:

☐ Kiasi cha mwezi na tarehe ya kulipwa
☐ Nyumba: kanisa linalipa kodi moja kwa moja, au imo ndani ya posho?
☐ Nauli na muda wa maongezi, tofauti na posho
☐ Siku ya mapumziko kila wiki, itajwe ni ipi
☐ Likizo ya mwaka
☐ Kitakachofanyika akiugua au akifiwa
☐ Muda wa kutoa taarifa ikiwa yeye au kanisa anataka kuachana

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Fuateni kipimo hicho. Nimesikia wazee wakisema mtumishi wa Mungu hapumziki. Huyo huyo wanayemnyima likizo ndiye watakayemtafutia nauli ya kwenda kwa daktari wa moyo.

Tena kuna suala la uzee. Marekebisho ya sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, yaliyoanza mwaka 2022, yaliondoa ule ukomo wa wafanyakazi watano: mwajiri yeyote, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kuchangia. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 10. Kwa mfano, mkimlipa mchungaji shilingi 600,000 kwa mwezi, 30,000 zinatoka kwake, kanisa linaongeza 60,000, na 90,000 zinaingia katika akaunti yake, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kama hamjamwajiri rasmi na mnampa shukrani tu, anaweza kujiandikisha na kuchangia kwa hiari. Kanisa limsaidie sehemu. Mkiwa mwajiri, kodi ya mshahara nayo inawahusu: kwa miaka mingi imeanzia juu ya shilingi 235,000 kwa mwezi. Nendeni ofisi ya Mamlaka ya Mapato, URA, mkaulize kiwango cha mwaka huu kabla ya kulipa mshahara wa kwanza.

Zawadi hazikatazwi. Mshirika akitaka kumpelekea mchungaji matoke, kuku au bahasha, ampelekee. Ila zawadi isihesabiwe kama sehemu ya posho, na mchungaji asitegemee tajiri mmoja. Anayelipa peke yake kodi ya nyumba ya mchungaji, siku moja ataanza kuchagua mahubiri.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

• Kumfanya mama mchungaji mfanyakazi asiyelipwa. Anapika kwa wageni, anafundisha watoto wa Jumapili, anapokea simu za usiku. Muulizeni yeye mwenyewe anataka kutumika wapi. Kama jibu ni kwamba anataka kuuza dukani kwake na kuja kanisani kama washirika wengine, liheshimuni.

• Kufanya sherehe kubwa ya kumshukuru mchungaji mara moja kwa mwaka huku posho ya miezi mitatu haijalipwa. Lipeni deni kwanza, keki baadaye.

• Kumlinganisha na wachungaji wa televisheni.

• Kupitisha kila uamuzi nyumbani kwa mzee mmoja Jumamosi usiku, kisha kikao cha Jumapili kiwe cha kupiga makofi.

• Kuchagua wazee kwa uwezo wa mfuko. Timotheo wa Kwanza sura ya 3 ina orodha ndefu ya sifa, na utajiri haumo.

Mkitofautiana na mchungaji

Mtatofautiana. Mchungaji anaweza kukosea katika mafundisho, katika matumizi, katika ukali wa maneno. Kumtunza hakumaanishi kunyamaza, na wazee wanaonyamaza huishia kusema kila kitu siku moja mbele ya watu wote.

1. Aliyeona kosa amwendee kwanza mwenyewe, ana kwa ana. Ujumbe wa sauti wa dakika saba haufai.
2. Asiposikia, waende wazee wawili, wamweleze jambo moja lenye tarehe na mfano. "Watu wanasema" si shitaka. Timotheo wa Kwanza 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu.
3. Jambo likiendelea, liingie kikao cha wazee na muhtasari uandikwe. Mchungaji awepo na ajibu.
4. Likishindikana hapo, muiteni mlezi wa nje: askofu, mwangalizi wa jimbo, au mchungaji mzee mnayemheshimu wote. Kanisa ambalo halina mtu wa namna hiyo limtafute wakati wa amani, maana wakati wa vita kila upande utaleta wake.

ONYO: Hatua hizi ni za tofauti za kawaida. Zisitumiwe kwa uhalifu. Mtoto aliyeguswa vibaya, binti aliyelazimishwa, mshirika aliyepigwa: haya hayasuluhishwi na wazee, wala hayangojei kikao. Peleka taarifa polisi, kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, au piga simu ya bure ya Sauti, 116, kwa mambo ya watoto. Anayetuhumiwa aondolewe mara moja kwenye kazi za watoto, awe mchungaji, mwalimu wa kwaya au mzee. Ukisikia mtu akisema tulinde jina la kanisa, muulize mtoto analindwa na nani.

Karatasi na ardhi

Hili nitalisema kwa ufupi, ingawa gharama yake si fupi. Agosti 2020 kanisa la Mtakatifu Petro la Ndeeba, si mbali na hapa, lilibomolewa usiku baada ya kesi ya ardhi iliyochukua miaka mingi. Waumini waliamka wakakuta kifusi. Ardhi ya Buganda ina tabaka: mwenye hati ya mailo, mwenye kibanja, mpangaji, na mara nyingi warithi wasiojulikana. Kabla ya kuchangisha pesa za kiwanja, mtafuteni wakili, mkafanye upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, mkapime mipaka, mkamwone mwenyekiti wa LC1 na majirani. Kiwanja kiandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa au la taasisi, kamwe si la mchungaji wala la mzee aliyetoa pesa nyingi.

Kusajili kanisa kama kampuni isiyo ya faida ni kwa Idara ya Usajili, URSB; kama wadhamini ni kwa Wizara ya Ardhi. Kama mko chini ya Kanisa la Uganda, Katoliki au umoja fulani wa Kipentekoste, waulizeni viongozi wa juu kwanza, huenda usajili wao unawafunika. Kama mnapanga ukumbi, mkataba uwe wa maandishi na useme siku na saa za ibada. Na mikesha: punguzeni vipaza sauti usiku. Jirani mwenye mtoto mchanga au mgonjwa aliyetoka wodini ana haki ya kulala, na sheria za kelele za Uganda zinamuunga mkono.

Miezi mitatu ya kwanza

☐ Karatasi ya wiki mbili imejazwa na mchungaji
☐ Majina ya zamu ya hospitali yametangazwa
☐ Wahesabu sadaka watatu wameteuliwa, na wasaidizi wao
☐ Laini ya pesa za simu imehamishwa kutoka jina la mtu binafsi
☐ Barua ya mchungaji imesainiwa, nakala moja anayo yeye
☐ Mchungaji ana siku yake ya mapumziko, na simu yake siku hiyo inapokelewa na mzee
☐ Taarifa ya fedha imesomwa angalau mara mbili
☐ Mlezi wa nje ameombwa na amekubali

Mkifanikiwa manne kati ya hayo nane katika miezi hiyo, endeleeni. Msiyaache kwa sababu manne yamebaki. Anzeni na wahesabu sadaka, kwa sababu hawagharimu kitu.

Siku mchungaji anapoondoka

Anaweza kuhamishwa, kurudi Bukavu, kupata safari ya kwenda nchi nyingine, kustaafu, au kuachana nanyi kwa uchungu. Utaratibu ni mmoja. Wazee wawili wapokee kutoka kwake vitabu vya ubatizo na ndoa, funguo, mihuri, hati, nywila za kurasa za kanisa na orodha ya wagonjwa na wafiwa wanaoendelea kutembelewa. Kila kitu kiandikwe na pande zote zisaini. Mambo ya siri aliyoambiwa na washirika hayakabidhiwi kwa mtu yeyote. Kama anaishi nyumba ya kanisa, mpeni muda ulioandikwa katika barua yake, na watoto wamalize muhula. Mlipe posho ya mwezi wa mwisho na likizo aliyokuwa anadai, na mfanye hivyo kabla ya ibada ya kumuaga.